Bustani ya mboga nyuma ya jiko, Dodoma: anza na kijaruba kimoja na majirani watano

Kila kiangazi kikikaribia, akina mama wa vijijini huku Dodoma huuliza maswali yale yale. Nitalimaje mboga wakati maji ya kunywa yenyewe nayafuata korongoni? Mbuzi nitawazuiaje? Mbona sukuma wiki yangu ya mwaka jana ilikauka yote? Nimeyakusanya na kuyajibu hapa kwa mpangilio wa kazi, ili ukimaliza kusoma uweze kushika jembe kesho asubuhi.

Mwongozo huu ni kwa mtu wa Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Chemba na maeneo yanayofanana nayo, ambako mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, hukatika Aprili, na kwa mwaka mzima huwa kama milimita 500 hadi 600 tu. Maelekezo mengi ya bustani yanayozunguka kwenye simu yanawafaa watu wa Lushoto au Njombe. Kule wanainua matuta ili maji yasituame. Ukiinua tuta Dodoma mwezi wa nane, upepo na jua vinalikausha kabla ya saa sita mchana. Sisi tunachimba kwenda chini, na shimo hilo la kupandia ndilo ninaloliita kijaruba.

Jambo la pili ni watu. Bustani ya mama mmoja asiye na msaidizi huku haidumu. Akiugua, akijifungua, akienda msibani siku nne, akirudi anakuta vijiti vikavu. Wakiwa watano wanaoaminiana, bustani zote tano zinavuka kiangazi. Ndiyo maana hatua za kikundi nimezichanganya na hatua za udongo. Usiziruke ukidhani ni maneno ya mikutanoni.

Wakati wa kuanza

Wengi huanza Januari kwa sababu ardhi imelowa. Lakini miezi hiyo mlenda, mchicha pori na majani ya kunde yamejaa mashambani, na mboga yako haitakuwa na thamani jikoni wala sokoni. Njaa ya mboga huanza Julai na kukaza hadi Novemba. Lenga miezi hiyo. Chimba wakati udongo bado una unyevu, Aprili hadi mwanzoni mwa Mei. Sia kitalu mwanzoni mwa Mei. Julai unaanza kuchuma. Baridi ya Juni na Julai inapendwa na sukuma wiki na chainizi, na wadudu wengi huwa wamepungua.

Kama umechelewa na sasa ni Septemba, usisubiri mwaka ujao. Anza na mchicha, mgagani na bamia, maana hizo zinastahimili joto.

Vitu vya kuwa navyo

- Jembe, chepe, na sururu kama ardhi yako ni ngumu
- Samadi ya mbuzi au ng'ombe iliyokaa miezi miwili au mitatu, debe nne kwa kijaruba kimoja
- Mabua ya mtama au uwele, maganda ya karanga, nyasi kavu
- Matawi ya miiba ya kutosha kuzungusha
- Dumu la lita 20 na kopo la kumwagilia; kopo la maziwa lililotobolewa kwa msumari linatosha
- Mbegu: mchicha, sukuma wiki au chainizi, majani ya kunde, nyanya chungu, na mbegu za mlenda ulizohifadhi mwenyewe
- Chungu kimoja au viwili vya udongo, hata vyenye midomo iliyovunjika

Mbegu za dukani nunua pakiti iliyofungwa yenye lebo ya TOSCI (taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu) na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mbegu inayopimwa kwa kijiko kutoka kwenye kopo lililoachwa wazi ni rahisi, ila huwezi kujua imekaa juani miaka mingapi.

Hatua ya 1: Zungumza nyumbani, kisha na majirani

Kama mko wawili nyumbani, kaeni mkubaliane mambo matatu kabla ya jembe kugusa ardhi: ni eneo gani, maji kiasi gani kwa siku yatakwenda bustanini, na hela ya mboga itashikwa na nani. Hili la tatu ndilo linaloleta ugomvi mboga zikianza kuuzika. Msimamo wangu ni kwamba aliyebeba maji ndiye ashike hela. Mama mwenye shilingi zake za chumvi, sabuni na daftari la mtoto anafanya uamuzi bila kuomba, na nyumba nzima inatulia.

Kisha tafuta wenzako wanne hadi tisa. Chagua wanaochota maji kisima kimoja na wewe, kwa sababu mtaonana kila siku hata bila kuitisha kikao. Kwa miezi mitatu ya mwanzo msikusanye michango. Kubalianeni mambo mawili tu: kila Jumamosi mnakwenda kwa mwenzenu mmoja kuchimba, na mama akipatwa na shida, wengine wanamwagilia kwake kwa zamu. Kualikana kazini hakuhitaji kufundishwa huku; mama zetu walipalilia mashamba hivyo. Mwenye nyumba apike uji au aandae togwa, inatosha.

Kama mnataka shamba la pamoja kwenye ardhi ya mtu au ya kijiji, pateni makubaliano ya maandishi mbele ya serikali ya kijiji, yenye idadi ya miaka. Vikundi vingi hunyang'anywa eneo mara tu udongo unapokuwa mzuri. Na mwanamke asiogope kuomba ardhi kwa jina lake: Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inampa haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi.

Hatua ya 2: Chagua mahali

Kaa karibu na jiko, hatua kumi au ishirini, pale ambapo maji ya kunawia na kuoshea mboga hupita. Mahali pa mbali utapasahau siku ya kwanza ya uchovu. Patafutie jua la asubuhi na kivuli cha mchana, upande wa mashariki wa nyumba au wa mti. Lakini usiingie chini ya mti wenyewe, kwa sababu mizizi yake itakunywea maji yote.

Kaa mbali na choo, na usichague njia ya maji ya mvua kubwa. Mvua moja ya Desemba inaweza kuondoka na kila kitu.

Hatua ya 3: Zungushia kwanza

Namaanisha kabla ya kuchimba. Mbuzi watatu wakiingia alfajiri, ukiamka wamekwisha kula kazi ya miezi miwili, na mbuzi akishaonja atarudi kila siku.

Matawi ya mgunga yenye miiba ndiyo mazuri. Yapange mashina yakiangalia ndani na miiba ikiangalia nje, kimo cha kifua. Chini kabisa shindilia matawi madogomadogo kwa sababu ya kuku. Vifaranga hupita kwenye upenyo ambao hata hukuuona. Usikate mti mzima. Kama kijijini kwenu mnafanya Kisiki Hai, yaani kutunza visiki vichipue tena kuwa miti, yale matawi mnayopunguza kwenye visiki ndiyo uzio wenyewe.

Baadaye unaweza kupanda minyaa iwe uzio wa kudumu. Angalizo: utomvu wake unaunguza vibaya macho. Watoto wasiuchezee, na wewe unawe mikono kwa sabuni baada ya kukata.

Hatua ya 4: Chimba kijaruba

Hapa ndipo penye kazi kubwa ya mwongozo huu, kwa hiyo soma taratibu.

Pima upana wa mita 1 na urefu wa mita 2. Upana usizidi hapo, ili ufikie katikati kwa mkono bila kukanyaga ndani. Chimba hivi:

1. Toa udongo wa juu, kina cha jembe moja, uweke upande wa kulia. Huo ndio wenye rutuba.
2. Endelea hadi kina cha sentimita 50, karibu urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Huo wa chini weka upande wa kushoto.
3. Tandika mabua na nyasi kavu chini, unene wa kiganja kilichosimama. Mwagia madumu mawili ya maji. Hayo mabua yatakaa yameshika unyevu muda mrefu.
4. Changanya udongo wa kulia na debe tatu za samadi, urudishe ndani.
5. Debe ya nne ya samadi changanya kwenye sentimita kumi za juu.
6. Acha uso wa kijaruba uwe chini ya ardhi ya pembeni kwa sentimita 10 hadi 15. Usijaze hadi juu!
7. Ule udongo wa kushoto, ambao hauna rutuba, utumie kujenga kingo pande zote.

Wenzetu wa Bahi wanaolima mpunga wanayajua majaruba vizuri; hiki ni kijaruba cha mboga. Maji unayomwaga hayakimbii, na upepo unapita juu ya miche badala ya kuichapa. Mkiwa watano, kimoja kinamalizika kabla jua halijawa kali. Peke yako kitakuchukua siku mbili au tatu, na mgongo utakuuma.

Kosa la kawaida ni samadi mbichi. Ikiwa bado ina joto ukiingiza mkono katikati ya lundo, au inanuka mkojo kwa ukali, haijaiva, itaunguza miche. Kosa lingine ni majivu mengi. Mkono mmoja kwa kijaruba unatosha, kwani udongo na maji ya sehemu nyingi za huku tayari vina magadi na chumvi.

Kama huna eneo: gunia

Kwa aliyepanga chumba Kibaigwa au mjini, gunia la kilo 100 linafaa. Changanya udongo debe mbili, samadi moja, mchanga wa korongoni moja. Simamisha katikati kopo refu lisilo na kitako, lijaze kokoto, mwaga udongo kulizunguka, kisha livute juu na ujaze tena, hadi nguzo ya kokoto ifike juu. Maji yatapita humo. Toboa matundu pembeni kila baada ya sentimita 25 upande miche. Kwa mwenye uwanja bado nashauri kijaruba: gunia linapigwa na upepo pande zote na linakunywa maji kila siku, tena salfeti ikipigwa na jua huanza kuchanika.

Hatua ya 5: Kitalu kimoja cha kikundi

Kitalu cha kila mtu kwake ni kupoteza maji na mbegu. Wekeni kimoja, kwa yule anayeishi karibu zaidi na kisima. Pakiti moja ya sukuma wiki inatosha kikundi kizima.

Chora mistari yenye kina cha sentimita 1, sia mbegu moja moja, funika kidogo, tandika nyasi juu. Zikianza kuchomoza, ondoa nyasi jioni hiyo hiyo, kisha jenga kichanja cha kivuli kimo cha magoti. Wiki ya mwisho punguza kivuli na maji kidogokidogo ili miche izoee ukali wa jua. Baada ya wiki nne hadi sita ikiwa na majani manne au matano, gawaneni.

Hazipitii kitalu: mchicha, kunde, bamia, mgagani na mlenda. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, zichanganye na mchanga mkavu ndipo unyunyize. Mlenda wenye maua ya njano una mbegu ngumu kuota. Zifunge kwenye kitambaa, zichovye kwenye maji ya moto yaliyotoka kuchemka kwa sekunde 5 hadi 10, zitoe haraka, ziache zikauke, ndipo uzisie.

Hatua ya 6: Hamisha miche jioni

Saa kumi na moja jioni, usitangulie. Mwagilia kitalu kwanza, ng'oa mche na udongo wake, panda kwa kina kile kile ulichokuwa nacho. Sukuma wiki iachane sentimita 45. Kijaruba kimoja hubeba mistari miwili ya miche minne. Najua utaona nafasi tupu na utatamani kubananisha. Katikati nyunyiza mchicha; utauvuna ndani ya wiki tatu au nne, kabla sukuma haijatanua majani.

Palepale tandaza matandazo: maganda ya karanga au mabua yaliyokatwakatwa, unene wa vidole vitatu, bila kugusa shina. Ukiona mchwa wengi eneo lako, punguza mabua, tumia maganda ya karanga au samadi kavu, na uyainue uangalie kila wiki.

Hatua ya 7: Maji

Kijaruba cha mita 1 kwa 2 chenye matandazo kinahitaji kama lita 10 kwa siku, nusu dumu. Hesabu hiyo iweke kichwani kabla hujachimba cha pili. Mwagilia alfajiri au jioni, chini ya shina.

Kabla ya kumwaga, ondoa matandazo kidogo, chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Ukisikia ubaridi na udongo ukaganda kidoleni, acha hadi kesho. Juu panaweza kuonekana pakavu kabisa huku chini pakiwa na unyevu wa siku mbili.

Vile vyungu vya udongo ndivyo msaada mkubwa kwa mwenye maji haba. Zika chungu kisichopakwa rangi katikati ya kijaruba hadi shingoni, panda miche ikizunguka umbali wa shibiri moja, jaza maji, funika na jiwe bapa mbu wasizaliane. Maji yanajipenyeza polepole kwenye udongo mkavu na kufika mizizini bila kupotea juani. Unaongeza kila baada ya siku mbili hadi nne.

Maji ya kuoshea mchele, mboga na mikono yote yaende bustanini. Maji ya kufulia tumia yale ya kusuuzia tu, uyapeleke kwenye nyanya chungu au mpapai, yasiguse mboga za majani. Yenye dawa ya madoa mwaga mbali.

Hatua ya 8: Kuvuna, kula, kuuza

Sukuma wiki chuma majani ya chini, acha manne au matano ya juu. Mchicha ukate vidole vinne kutoka ardhini, utachipua tena.

Kula kwanza. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mboga peke yake haiondoi udumavu, lakini sahani ya mtoto yenye ugali mkavu haina pa kuanzia. Weka karanga za kutwanga au mafuta kidogo, maana vitamini A ya mboga haiingii mwilini vizuri bila mafuta.

Inayobaki ndiyo ya kuuza. Hata usipouza, piga hesabu: kama mlikuwa mkinunua mboga ya shilingi 500 kila siku, hiyo ni 15,000 kwa mwezi imebaki nyumbani. Sehemu yake peleka kwenye hisa za kikundi mkishaanza kuweka na kukopeshana.

Wengi huuliza mkopo wa halmashauri. Upo: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambapo 4 ni za wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, na haina riba. Mnahitaji kikundi kilichosajiliwa, na wa kumwona ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ombi langu ni kwamba msiunde kikundi kwa ajili ya mkopo. Limeni pamoja msimu mmoja kwanza, mjue nani anafika na nani anatuma salamu.

Mambo yakiharibika

*Majani ya sukuma yamejikunja, chini yana wadudu wadogo wa kijivu.* Ni vidukari. Siku za mwanzo wasugue kwa vidole na maji. Wakizidi, twanga kilo 1 ya majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha kwenye lita 5 za maji, chuja, weka sabuni kidogo sana, nyunyiza jioni chini ya majani. Rudia kila wiki. Osha mboga kwa maji safi kabla ya kupika.

*Mche umekatwa shingoni usiku.* Ni sota, kiwavi anayejificha udongoni. Fukua pembeni ya mche kina cha vidole viwili, utamkuta amejikunja, muue. Miche mipya izungushie kola ya karatasi ngumu.

*Ukoko mweupe juu ya udongo, ncha za majani zimeungua.* Chumvi ya maji ya kisima. Kumwagia kidogokidogo kila saa kunaizidisha. Mara moja kwa wiki mwaga maji mengi kwa mkupuo ili ishuke chini ya mizizi, ongeza samadi iliyoiva, na badilisha zao: spinachi huvumilia, ila maharage, karoti na vitunguu vitakutesa. Mvua zikija, kinga maji ya bati.

*Majani ya mnavu na nyanya yamekuwa na vidoa vya njano na utando mwembamba.* Utitiri, mdudu wa joto na vumbi. Lowesha chini ya majani kwa maji, ng'oa mmea ulioshambuliwa sana uuchome.

*Miche inasimama tu, haikui, na samadi niliweka.* Chimba mmoja. Mizizi yenye manundu ni minyoo fundo: usipande nyanya wala bamia hapo msimu huu, weka mchicha. Mizizi iliyojikunja pembeni maana yake hukuchimba chini vya kutosha.

*Mwanachama haji kwenye zamu.* Mwendeeni wawili, msimseme kisimani. Mara nyingi utakuta mgonjwa nyumbani au maji yamemshinda. Mpunguzieni vijaruba hadi kimoja. Akiendelea bila sababu miezi miwili, miche ya msimu ujao asipewe, na akubali hilo mbele ya wote tangu mnapoanza.

*Mboga zimezidi, zinazeeka shambani.* Kausha. Safwe (majani ya kunde) na mlenda anikeni kivulini, kwenye kichanja chenye kitambaa safi, maana jua kali huua vitamini na kufifisha rangi. Zikivunjika ukizikunja, hifadhi kwenye chungu au ndoo kavu yenye mfuniko. Mimea miwili iliyo bora kuliko yote usiichume kabisa tangu mwanzo. Ifunge kitambaa watoto waijue, iache ikomae, ndiyo mbegu ya kikundi ya mwakani.